Visiwa Vitatu na Ng'ombe wa Wangwe

Pireo, Ugiriki
3 Mei 1955

Kaka yangu Waitara,

Tumefika, na mimi ni mzima. Wale waliosema Wegesa atatupwa baharini karibu na Adeni, waambie nimekula samaki wa bahari hiyo, wao hawakunila mimi.

Siku zote zile melini kutoka Mombasa, Mama Irini alitapika, mimi nikatapika, mtoto wake Kosta hakutapika hata mara moja. Alikuwa akikimbia huku na huku na mimi nyuma yake. Nilidhani yaya kazi yake ni kubeba mtoto. Kumbe ni kumfukuza! Mguu umenivimba mpaka kiatu kimekataa kuingia.

Sasa nikueleze tulichofuata huku, maana siku uliyonisindikiza Musoma hatukuongea vizuri, ulikuwa kimya kama mtu mwenye jino bovu. Baba yake Mama Irini alikufa akaacha nyumba katika kisiwa kinachoitwa Naksos. Kwa mila ya kwao nyumba ni ya binti. Lakini kaka zake watatu wameitia kufuli, wanasema yeye yuko Afrika na mume wake anachimba dhahabu, nyumba ya nini. Bwana Yani amebaki hapo Kewanja na mashimo yake, wewe unamwona kila siku. Alimwambia mkewe, "Nenda peke yako, mimi nikienda nitapigana nao." Basi Mama Irini anawafuata mmoja mmoja, na kila mmoja anakaa kisiwa chake: mkubwa yuko Naksos, wa pili Siros, wa tatu Rodo. Wakitia sahihi wote watatu, nyumba ni yake. Huko kwingine tutakwenda kwa meli, lakini Rodo ni kwa ndege. Soma tena, kaka. Kwa ndege.

Sasa la kwangu. Uliniahidi utaongea na baba habari za Wangwe. Mimi siolewi na Wangwe. Nilisema jikoni, nikasema zizini, leo nasema kutoka Ulaya. Mzee mwenye wake watatu na wajukuu wa rika langu, jamani! Najua wewe na mimi tumefungwa pamoja, tumbo moja, kaka na dada yake: ng'ombe watakaotolewa kwa ajili yangu ndio utakaomwolea Efrazia wako wa Kisaka. Ndiyo mila yetu Wakurya na siikatai. Sijasema sitaolewa. Nimesema si Wangwe. Nipeni mwaka mmoja nitapata mtu mwenye ng'ombe na meno pia.

Mwambie baba kwa yale maneno yako mazuri ya ualimu, atasikia. Unijibu waziwazi.

Dada yako,
Wegesa


Kewanja, Tarime
29 Mei 1955

Mpendwa dada Wegesa,

Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta ukiwa na afya njema, kama utuachavyo sisi hapa tukiwa salama, tukimshukuru Mungu kwa neema zake zisizo na idadi.

Barua yako niliisoma mbele ya wazazi na majirani, isipokuwa ile sehemu ya mwisho. Watu walifurahi sana. Mzee Rubeni aliuliza kama bahari ni kubwa kuliko ziwa letu, nikamwambia ni kubwa mara nyingi, akasema hapana, mwalimu, hapo umedanganywa.

Mvua zimenyesha vizuri na mtama umesimama. Shuleni nimepewa darasa la tatu. Mama anakusalimu mno. Mgongo wake umepona kabisa, siku hizi hasagi tena, asubuhi anakaa juani akichambua mboga na kuimba nyimbo za zamani, utadhani msichana.

Kuhusu lile jambo ulilouliza, napenda kukufahamisha kwamba baba ni mzima na anakutakia safari njema. Mambo ya namna ile yanahitaji hekima na subira. Haraka haraka haina baraka. Wewe mtunze mtoto wa watu, ushike sala, na habari za huku utuachie sisi.

Nakusihi usipande ndege kama kuna njia nyingine.

Kaka yako akupendaye,
Mwl. Waitara


Siros
24 Juni 1955

Kaka Waitara,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya Mzee Rubeni. Mara ya pili nilitafuta jibu lako sikuliona. Mara ya tatu nililiona. Nitalirudia mwishoni, kwanza usikie ya huku, ili usiseme dada yako hana adabu.

Meli za visiwani si kama ile tuliyokuja nayo. Hizi ni ndogo, watu wanalala nje na magodoro yao, mbuzi, kuku, jibini, masanduku, na padri wao mwenye ndevu katikati. Kufika Naksos meli haikufika ukingoni, ilisimama mbali baharini. Vikaja viboti vinavyorukaruka, na mabaharia wakaanza kutushusha. Mama Irini walimshika mikono kwa heshima. Mimi walinirusha! Mmoja juu akanitupa, mmoja chini akanidaka, na Kosta kifuani mwangu anacheka. Nilimtukana yule wa chini kwa Kikurya, akanijibu kwa Kigiriki, naona tulielewana.

Watu wananitazama. Watoto wanataka kugusa mkono wangu waone kama rangi inatoka. Bibi mmoja alipiga ishara ya msalaba aliponiona, nami nikapiga yangu, ya Kikatoliki, akashtuka zaidi. Mama Irini aliniuliza kama naona vibaya nirudi hotelini. Nirudi kwa nini? Nimelipiwa nauli kama wao.

Yule kaka mkubwa tulimkuta mezani anakula. Hapa mtu akikataa hasemi, anainua kidevu na kugonga ulimi, basi. Akainua kidevu. Akasema, "Nitatia sahihi kama wa Siros atatia." Tukapanda tena meli, tukatapika tena, tukafika Siros. Wa pili yuko kwenye kiwanda cha kutengeneza meli, mikono yote grisi. Akasema, "Kama wa Rodo atatia, na mimi nitatia." Mama Irini amenunua tiketi za ndege leo asubuhi, ni za mwezi wa nane, za karibu zimejaa.

Lakini kuna jambo limenikalia moyoni. Mama Irini ananieleza kwamba visiwani huku binti akiolewa anapewa nyumba na wazazi wake. Na kama ana kaka, kaka hawezi kuoa mpaka dada zake wote wamepata nyumba. Wanaume wanakwenda baharini miaka kumi, wanarudi na mvi, hawajaoa, wanajenga nyumba ya dada! Sikusema mila yao ni nzuri kuliko yetu. Naona nayo ina watu inaowaumiza. Nimeona tu kwamba kumbe jambo hili linaweza kugeuzwa na bado jua likachomoza.

Sasa nirudi kwako. Mama hasagi tena. Nani anasaga? Mimi niko huku. Mdogo wetu Nyangi ana miaka sita, jiwe la kusagia hawezi hata kulisogeza. Baba hasagi, wewe husagi. Mwanamke aliye na nguvu ameingia nyumbani kwetu, anasaga, na mama anaimba. Mama haimbi hovyo. Mama anaimba kwa sababu amepata mkwe.

Nauliza swali moja tu, mwalimu wa darasa la tatu. Huyo mkwe amekuja kwa ng'ombe wa nani?

Wegesa


Kewanja
18 Julai 1955

Wegesa,

Sijui nianzie wapi.

Ni kweli. Efrazia yuko hapa tangu Aprili. Na ng'ombe ni wa Wangwe. Wewe si mtoto, huna haja ya kuzungushwa, na nimejilaumu kwamba nilikuzungusha.

Nikuambie na lile baya zaidi ili lisikufikie kwa mdomo wa mwingine. Siku nilipokusindikiza Musoma ng'ombe walikuwa tayari zizini. Waliletwa jana yake, baada ya wewe kuondoka nyumbani kwenda kulala kwa Bwana Yani. Nilipokuwa nimekubebea sanduku nilijua. Nilitaka kusema pale gatini, nikaona utakataa kupanda meli na kurudi kufanya vurugu. Nikanyamaza. Kesho yake tukawaswaga ng'ombe wale wale mpaka Kisaka.

Lakini na wewe ujaribu kunielewa. Rika langu lote, vijana wote tuliotahiriwa saro moja, wana wake na watoto. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nakula kwa mama. Wananiita mwalimu mbele yangu, nyuma yangu wananiita mvulana. Baba yake Efrazia alisema asipoona ng'ombe kabla ya msimu wa kupanda atamtoa kwa mtu wa Ikoma. Ningefanya nini? Baba akasema Wegesa anakwenda mbali, pengine harudi, na asiyekuwepo na lake halipo. Wazee wakakubali. Mimi nilifuata wazee.

Wangwe si mtu mbaya. Anasema atakungoja mpaka urudi na hata lugha ya Ulaya hatakukataza kuongea. Ukifika utapumzika nyumbani wiki moja, kisha utapelekwa. Mambo yamekwisha, dada. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ombi langu moja. Efrazia hajui. Aliambiwa wewe ulikubali kabla ya kuondoka, na ulifurahi. Ananiuliza habari zako kila siku, ananiambia wifi yangu ana moyo. Usimwandikie chochote cha kumvunja. Tunapendana, Wegesa. Hilo ni kweli hata kama mengine yote nimeyaharibu.

Waitara


Rodo
9 Agosti 1955

Waitara,

Barua yako imenifuata kisiwa hadi kisiwa. Nimeipata jana. Sikulala, na sikulia. Nilifua nguo zote za Kosta, hata zilizokuwa safi.

Ulinibebea sanduku! Ningejua, ningekuambia uliweke chini nilibebe mwenyewe. Nilikupungia kitambaa mpaka ulipopotea machoni, mjinga mimi, nikamwambia Mama Irini, "Yule ndiye kaka yangu, hana maneno mengi lakini ana upendo."

Unasema wazee walikubali, baba alisema, wewe ulifuata. Nikuambie tulivyofanyiwa hapa. Tumekuja kwa ndege. Ndege yenyewe imeinama mkia chini, unapanda kiti chako kama unapanda mlima, unapewa peremende na pamba ya masikio, halafu inanguruma, inakimbia, na ardhi inaondoka. Niliangalia chini nikaona visiwa vyote tulivyohangaika navyo kwa meli, vidogo, na zile meli zinachora mistari myeupe. Siku nzima ya kutapika tumeipita kabla Kosta hajamaliza peremende yake. Niliogopa sana, Waitara, na nilifurahi sana, vyote kwa pamoja, na nikasema moyoni mtu aliyeona hivi haendi kukaa kwenye kibanda cha nne kwa Wangwe.

Tukafika kwa kaka wa tatu. Ana duka, ana tumbo, anacheka. Akasema, "Dada yangu mpenzi, mimi sina neno. Nitatia sahihi. Ila kama yule mkubwa wa Naksos atatia kwanza." Umeona? Wa Naksos anamngoja wa Siros, wa Siros anamngoja wa Rodo, wa Rodo anamngoja wa Naksos! Hakuna aliyekataa. Wote ni watu wema. Na nyumba imefungwa. Mama Irini alicheka mpaka akakaa chini dukani, na mimi nikacheka naye, kwa sababu nilikuwa na barua yako mfukoni na niliwaona ninyi nyote humo ndani, wewe na baba na wazee, kila mmoja anamwonyeshea kidole mwenzake.

Mama Irini nimemweleza. Ameniambia nibaki huku, shangazi yake ana nafasi ya kazi, sitarudi kwa Wangwe wala kwa mtu yeyote. Nilifikiri usiku kucha. Nimekataa. Nikibaki mtasema nimetoroka, na baba atakuwa amesema kweli kwamba sirudi. Nitarudi Kewanja. Nitakuja na miguu yangu, na kwa Wangwe sitaingia. Mkinipeleka kwa nguvu nitatoka kwa nguvu. Mkiniita kwenye baraza nitakwenda, nitasimama, nitasema mbele ya hakimu na mbele ya Wangwe mwenyewe kwamba sikuulizwa. Na nitasema jina lako.

Unasema maji yakimwagika hayazoleki. Ng'ombe si maji, Waitara. Ng'ombe wana miguu. Walikokwenda, njia ya kurudi wanaijua.

Na ombi lako nalikataa. Nitamwandikia mkeo. Barua haitapita shuleni kwako, itapita kwa masista.

Wegesa


Naksos
25 Agosti 1955

Wifi yangu Efrazia,

Hatujaonana, na ningependa barua yangu ya kwanza kwako iwe ya pongezi. Nisamehe, si hiyo.

Uliambiwa nilikubali kuolewa na Wangwe. Sikukubali. Niliposikia jina lake mara ya kwanza nilisema hapana, na sijaacha kusema. Ng'ombe waliokuja kwenu Kisaka walitoka zizini kwa Wangwe, na walitolewa kwa ajili yangu nikiwa sijui. Mimi nikirudi nitasema hapana barazani, na hapo ng'ombe watadaiwa kwa baba yako, na nyumba yako itatikiswa na mimi, mtu usiyemjua. Nimeona si haki uamke siku hiyo hujui kilichokupiga.

Sikuombi kitu. Najua mnapendana. Wala sikuandikii ili umchukie Waitara, yeye ni mwoga tu, na woga ameupata kwetu, hakuuokota barabarani.

Niongeze moja ili usione ninalialia. Tulirudi Naksos kwa meli katika upepo mkali wa mwezi huu, tukakwama siku tatu kisiwa cha katikati, hakuna meli inayothubutu. Tulipofika, Mama Irini hakwenda kwa kaka yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba. Kisha akaokota jiwe, saa sita mchana, majirani wote milangoni, akapiga ile kufuli. Haikuvunjika. Akapiga tena. Kaka mkubwa akaja anakimbia, kitambaa cha chakula bado shingoni, anapiga kelele. Mama Irini hakugeuka, akapiga tu. Mara ya saba kufuli ikaanguka. Tukaingia, tukafungua madirisha, tukaanza kufagia mavi ya panya. Kaka akasimama mlangoni muda mrefu. Halafu akaondoka, na mpaka leo hakuna aliyekuja kututoa. Sahihi hazijapatikana hata moja. Usiku tunalala humo.

Nitapanda meli mwezi wa kumi. Ukinichukia nitaelewa.

Wifi yako,
Wegesa


Kisaka
20 Septemba 1955

Wifi Wegesa,

Ninakuandikia kutoka kwa baba yangu, sio kutoka kwenu. Sista Agustina alinipa barua yako mkononi, akaniambia soma hapa hapa, usiende nayo nyumbani kwanza. Nilisoma nimesimama.

Nilikaa siku mbili bila kumwambia Waitara. Nilipika, nilisaga, nilimwangalia anasahihisha madaftari. Ninampenda kaka yako, nisikudanganye. Anapoosha mikono ananiachia maji safi, mwanaume gani mwingine anafanya hivyo? Siku ya tatu nilimwekea barua yako juu ya madaftari. Akaisoma. Nikamuuliza, ni kweli? Akaanza, unajua mila yetu. Nikamwambia mila yenu ninaijua, nauliza kama ni kweli. Akasema ni kweli.

Nikamwambia, "Mimi sikai juu ya mgongo wa mtu mwingine." Nikafunga kanga yangu, nikatembea mpaka Kisaka. Mama yako alinifuata mpaka mtoni akilia, na hilo ndilo limeniuma kuliko yote.

Baba yangu alinifukuza siku ya kwanza. Alisema mke hatoki kwa mumewe bila kupigwa wala kunyimwa chakula, watu watasema nini. Nikakaa nje ya boma, kwenye jua. Siku ya pili akasema ng'ombe hawarudi, wawili wameshazaa. Nikamwambia, "Baba, huyo dada anarudi mwezi wa kumi na moja na atakwenda barazani. Unataka kuwarudisha leo mwenyewe ukiwa mzee mwenye heshima, au unangoja askari wa baraza waje kuwahesabu mbele ya majirani?" Siku ya tatu alimtuma mtu kwa Waitara, aje awachukue.

Waitara amekuja. Nimemwambia mbele ya baba: warudishe kwa Wangwe wote, na ndama wao. Halafu utafute wako wa jasho lako, hata ikichukua miaka miwili, nitangoja. Nikisikia umechukua tena wa dada yako, nitaolewa na yule wa Ikoma, na ana baiskeli.

Wewe njoo tu. Hunidai kitu, mimi sikudai.

Wifi yako, kama bado utanikubali,
Efrazia


Kewanja
12 Oktoba 1955

Wegesa,

Naomba barua hii ikukute Pireo kabla hujapanda meli.

Ng'ombe wamerudi kwa Wangwe. Niliwaswaga mwenyewe siku mbili, kutoka Kisaka, tukavuka Mto Mara. Baba alikataa kunipa mtu wa kunisaidia. Watoto wangu wa darasa la tatu walinikuta njiani wakauliza, "Mwalimu, unahama?" Nikawaambia hapana, narudisha mali ya watu.

Nilifika kwa Wangwe mchana. Nilikuwa nimefikiri nifike jioni watu wakiwa wametawanyika, nikakumbuka ile kufuli ya Naksos, nikasema la, ni mchana. Alikuwa amekaa na wazee wenzake wakinywa pombe kwa mirija, na vijana wa saro yangu kama watano walikuwa pale, na Simioni ndiye aliyeanza kucheka. Wangwe akasema, "Mura, kijana, baba yako amekufa? Mbona wewe ndiye unaleta?"

Nikasema, "Baba ni mzima. Dada yangu amekataa."

Wakacheka wote. Wangwe akauliza, "Na wewe, mwanamume mzima, mwalimu, dada yako akikataa unafanya nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, maneno mazuri. Yakapotea. Nikasema, "Yeye alikataa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemwuza akiwa hajui, na nilimdanganya usoni. Amenishinda, mzee. Chukua ng'ombe wako."

Simioni akatema mate chini, karibu na mguu wangu, nami nikakaa pale pale mpaka Wangwe alipomaliza kuwapitia ng'ombe mmoja mmoja, na ndama wawili, akasema wametimia. Hakunipa mkono. Mzee mmoja alisema nyuma yangu, kwa sauti ya chini, "Huyu bado ni mvulana." Mwingine akasema, "Sijui." Nikaondoka.

Nikuambie hali ilivyo, sitakuficha tena kitu. Baba amesema nisile kwake, na wewe amesema hakujui. Mama anasaga mwenyewe, mgongo umerudi, nasaga naye mimi jioni mlango ukiwa wazi na wapita njia wanaona. Baada ya shule naenda kuchimba kwa Bwana Yani, anachekelea sana, anasema mkewe amemwandikia habari zote. Efrazia yuko kwao. Juzi nilikwenda kumwona, tukakaa nje ya boma, baba yake akitutazama. Hakunipa hata maji. Aliniuliza nimepata ng'ombe wangapi, nikasema sina hata mmoja, akasema, "Basi umeanza." Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Usinishukuru, sijafanya wema. Nimerudisha kitu nilichoiba.

Nitakuwa gatini Musoma siku meli itakapoingia. Sanduku utabeba mwenyewe kama ulivyosema, nitatembea kando yako. Kutoka hapo mpaka nyumbani ni mbali na watu wana midomo. Mtu yeyote akikuita mke wa Wangwe, awe mzee, awe wa saro yangu, awe baba mwenyewe, mjibu unavyotaka. Nitasimama pale pale, na nitawaambia wote kwamba umesema kweli.

Kaka yako,
Waitara